Namna ya Kutajirika kwa Kunyoosha Migongo ya Watu

Anza na soko. Kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, ilifunguliwa mwaka 1994 kwa watu kama 10,000 hadi 12,000; leo wamo zaidi ya 50,000, na maji bado yanabebwa kwa ndoo. Migongo haitakuishia.

Kisha soma. Shahada ya fiziotherapia inafundishwa Blantyre tangu 2010, kwa hiyo omba ufadhili. Ukinyimwa, omba tena. Kusubiri ni somo ambalo mkimbizi amekwisha kufaulu. Ukihitimu, kumbuka kwamba Malawi ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi kwa masharti: kwenye ajira wewe ni mgeni kama mgeni mwingine yeyote, tafuta kibali. Na ile ndoto ya kufungua chumba chenye kitanda na pazia mjini, pale Biwi, karibu na maduka ya Warundi? Ikunje vizuri. Mwaka 2023 serikali iliwaamuru wakimbizi wa mijini warudi kambini, na Biwi hadi Dzaleka ni kilometa arobaini na kitu.

Basi utafanyia kazi mkekani. Mzee wa kiharusi anashika kikombe cha plastiki, vidole vinaachia, maji yanamwagikia magotini pako. "Mzee, tena kidogo." Anashika, vinaachia. Mkewe anavumilia wiki ya kwanza, ya pili anauliza: "Dokta, si umpige hata sindano moja?" Hapo ndipo ilipo gharama ambayo chuo hakikuiandika kwenye ada: huna sindano, huna kidonge, unachouza ni "tena kidogo". Mpinzani wako ni bibi mkandaji wa nyumba ya nne, mwenye mawese ya moto na vidole vya chuma. Kwake mgonjwa hupiga kelele hadi barabarani, na hilo ni tangazo ambalo huliwezi. Usimtukane bibi. Mfundishe taratibu asivute bega la mtu wa kiharusi, halafu mgawane wateja.

Wakongomani watakuita kine, kifupi cha Kifaransa cha mtaalamu wa fiziotherapia; wengine dokta. Itikia yote mawili, ndiyo posho ya kwanza. Siku mzee atakapoinua kikombe bila kumwaga, sifa zitakwenda kwa bibi. Wewe utaletewa usipa, yaani dagaa, kwenye mfuko wa plastiki, pamoja na shemeji yake mzee anayelalamika kiuno. Pokea vyote viwili, ila usipa uuweke mbali na paka kabla hujamgusa shemeji.