Marahaba ya Mita 4,000

Hakuna aliyenitahadharisha kuhusu shikamoo. Baridi waliniambia, kichwa kuuma waliniambia, hata karatasi ya chooni nilikumbushwa. Lakini kwamba Kilimanjaro nitaamkiwa kutwa nzima na vijana wenye mizigo kichwani, hilo walinificha.

Mimi ni mtu wa Dar es Salaam. Mlima wangu mkubwa ni ngazi za benki. Vijana wa ofisini ndio walionishawishi tukaadhimishe Desemba 9 kileleni, pale Luteni Alexander Nyirenda alipopandisha bendera mwaka 1961. Nyirenda alikuwa mwanajeshi. Mimi ni mhasibu mwenye kitambi.

Siku ya kwanza, kutoka lango la Marangu hadi Mandara, mita 2,720, mambo yalikuwa mazuri. Mgumu (ndivyo wapagazi wanavyoitwa kule, na jina limewakaa) ananipita na kilo 20, ndani yake soksi zangu: "Shikamoo mzee!" Nami, "Marahaba kijana, hujambo?" Adabu kamili. Kufika Horombo, mita 3,720, hujambo nikaifuta. Siku ya tatu, kwenye jangwa lile kati ya Mawenzi na Kibo, nikagundua kwamba marahaba ina silabi nne nami nina pumzi ya mbili.

"...Haba," nikamjibu mmoja.

"Kweli mzee," akasema, "hata sisi wanatulipa haba."

Tangu hapo, kila nikisikia nyayo nyuma yangu niliinama nikajifanya nafunga kamba za viatu. Kiongozi wetu akawa anarudia, "Pole pole, mzee," kana kwamba nilikuwa na mwendo mwingine. Bibi wa Kijerumani, umri wa mama yangu, akanipita akipiga mluzi. Huyo kwa haki mimi ndiye niliyepaswa kumwamkia. Nikafunga kamba.

Usiku wa manane tukaikabili changarawe ya Kibo: unapanda hatua, inakurudisha nusu. Nilifika Gilman's Point kukipambazuka. Kufika Uhuru zilibaki kama mita 200 za kimo; nikamwachia Nyirenda.

Kushuka ndiko nilikozaliwa upya. Chini ya Horombo, pumzi tele, nikakutana na mzee wa mvi tupu anapanda kwa fimbo mbili, mdomo wazi.

"Shikamoo baba! Habari za safari? Za nyumbani? Mlima unasemaje?"

Akasimama, akanitazama. Kisha akainama taratibu, akaanza kufunga kamba za viatu.

Alikuwa amevaa gambuti.