Lister ya Robo, Balaa Nzima

Kabla stima haijafika vijijini, mahindi mengi ya magharibi mwa Kenya yalisagwa kwa Lister. Injini hiyo ya dizeli kutoka Dursley, Uingereza, pamoja na nakala zake za Rajkot, India, ina silinda moja, flaiwili mbili na mlio unaofika kijiji cha pili. Ile ya 6/1 hutoa nguvu za farasi 6 ikizunguka mara 650 kwa dakika. Mwalimu mmoja mstaafu wa Kitale, aliyekua akibembelezwa na mlio huo, aliamua kuunda ya kwake: robo ya kipimo, ikae mezani.

Waingereza hawasumbuki. Stuart Turner, kampuni ya tangu 1906, iliwauzia kwa miaka mingi vipande vya injini ndogo vilivyokwisha kusubiwa. Mwalimu aliipigia hesabu gharama ya kuagiza, akapanda matatu kwenda Bungoma, ambako fundi alikubali kumsubia kila kitu kwa breki dramu kuukuu.

Chuma cha kusubu hunywea kama asilimia 1 kikipoa, hivyo kielelezo cha mbao huchongwa kikubwa kidogo. Seremala aliyepewa kazi alikuwa mtu wa vitanda. Alichonga kipimo kilekile alichoandikiwa, akapiga msasa, akapaka vanishi, na vanishi akaitoza.

Wakati wa kurudi, konda aliujaribu mfuko wa vipande kwa mkono mmoja. "Mzee, huyu ni abiria wawili."

Karibu na Kimilili askari alichungulia ndani, akauliza kama kitu hicho hulipuka. Mwalimu, mkweli kupita kiasi, akajibu kwamba kikiundwa sawasawa kitalipuka mara 325 kwa dakika. Maelezo yalichukua muda, na abiria wenzake walimnunia hadi Kitale.

Balaa kubwa lilikuwa kwenye kerezo. Chuma cha kusubu kikiwa chembamba hupoa upesi, kaboni ikakosa nafasi ya kujitenga kuwa grafaiti, na chuma kikawa kigumu kama kioo. Injini kubwa ina kuta nene zinazopoa taratibu. Hii ya robo ndiyo hupatwa na balaa hilo. Fundi wa kerezo alivunja kisu, akavunja kingine, kisha akavunja urafiki. Ikabidi vipande vichomwe hadi viwe vyekundu, vifukiwe kwenye jivu usiku kucha.

Makaa yalitoka jikoni. "Mzee," mkewe akauliza, "chuma kimeshaiva. Ugali utaiva lini?"

Kilipolainika, kilikatika vizuri bila hata tone la mafuta, ila kwa kumwaga vumbi jeusi la grafaiti. Shati la kanisani, lililokuwa limeanikwa upande wa upepo, sasa ni la shambani.

Ikabaki dizeli. Silinda ya Lister ina ujazo wa lita 1.4 hivi, ukigawa vipimo vyote kwa nne, ujazo unagawika kwa 64, na kinachobaki ni vijiko vinne vya chai. Hewa iliyobanwa kwenye kijisilinda hicho hupoteza joto kabla ya kuwasha chochote. Mwalimu alizungusha hendeli mpaka bega likagoma, kisha akakubali yaishe: akaweka plagi, akatia petroli.

Inawaka, na mlio wake ni wa haki kabisa. Lakini wewe jirani uliyesikia ukaja na debe la mahindi, rudi nalo. Haisagi.