Mzee Jua Hatazamwi Usoni

Mtoto aliyelelewa vyema hamkodolei mkubwa macho. Huamkia akiinamisha kichwa, na bado anajua kila anachofanya mzee. Wewe uliyepo Kalinzi, unayeshinda ukigeuza buni kwenye kichanja huku ukipima jua kwa mgongo wako, tayari una nusu ya adabu hiyo. Nusu iliyobaki ni hii.

Kwanza, mpe Mzee Jua mgongo. Weka darubini ya macho mawili juu ya kigoda, ziba jicho moja la darubini, lingine lielekee juani. Usichungulie ndani kutafuta shabaha: tazama kivuli cha darubini, kikiwa kidogo kabisa ujue umelenga. Shika karatasi nyeupe nyuma yake na duara la nuru litaangukia hapo, likisogea polepole kuelekea ukingoni. Kinachosogea ni dunia uliyosimama juu yake. Beseni la maji, kioo cha masizi na filamu ya eksirei havilindi macho, na jicho huungua bila kuuma.

Pili, chora. Piga duara la sentimita 11. Kwa kipimo hicho dunia nzima, pamoja na ziwa letu, ni nukta ya milimita 1. Weka alama kila doa jeusi unaloliona, kesho urudie saa ileile. Kazi hiyohiyo ndiyo aliyokuwa akiifanya Richard Carrington, Uingereza, tarehe 1 Septemba 1859, mwaka mmoja na nusu tangu wasafiri Burton na Speke wafike Ujiji. Ghafla nuru mbili nyeupe zikawaka katikati ya madoa, na kwa dakika kama tano zikawa zimezimika. Hivyo mlipuko wa jua ukaandikwa kwa mara ya kwanza.

Bahati ya Carrington ni adimu. Milipuko mingi huonekana tu kwa chujio la nuru ya haidrojeni, na bei yake si ya mkulima. Lakini redio ipo.

Tatu, tega sikio. Chagua stesheni ya mbali ya masafa mafupi inayokamata vizuri kila mchana. Jua likilipuka, miale ya eksirei hutufikia baada ya dakika 8 na kuivuruga anga ya juu, ile inayorudisha mawimbi ya redio chini. Mtangazaji huzama katikati ya sentensi. Usipige redio makofi wala usilaumu betri. Hamia FM: ikisema vizuri, redio ni nzima. Rudi masafa mafupi usubiri. Stesheni za masafa ya juu zitaanza kuibuka, za chini zitafuata. Wakati mwingine utasikia pia mvumo unaopanda na kushuka, kama mawimbi ya Tanganyika yakivunjika ufukweni. Huo ni mlio wa jua lenyewe.

Saa nzuri zaidi ya kusikiliza ni karibu na saa saba mchana, maana huku magharibi mwa nchi ndipo jua hufika utosini.

Nne, andika. Tarehe, saa, stesheni, ilizama lini, ilirudi lini. Kisha linganisha kwa simu na kumbukumbu za satelaiti za GOES, ukipunguza saa 3 kupata saa za dunia. Milipuko hupangwa kwa herufi A, B, C, M na X, kila moja mara 10 ya iliyotangulia. Tarehe 10 Mei 2024, muda mfupi kabla ya saa nne asubuhi kwa saa zetu, eneo la madoa namba 3664 lilitoa mlipuko wa X3.9, jua likiwa limeshapanda juu ya migomba ya Kalinzi. Aliyekuwa na redio ya masafa mafupi na daftari asubuhi ile alikuwa na vyote alivyohitaji kuupata.

Kwa hiyo liweke daftari pale unapoandika kilo za kahawa. Siku stesheni itakapokatika, tazama saa, chukua kalamu: Mzee amekohoa dakika 8 zilizopita.