Mjumbe Yuko Hewani

Ukiingia PUBG Mobile peke yako, mashine inakutafutia wenzako watatu, mnapakiwa ndege moja na maadui 96, kisha mnaruka kwa miavuli juu ya kisiwa na kuanza kuuana mpaka kibaki kikosi kimoja. Gemu hii iko kwenye simu zetu tangu 2018 na walioibuni hawakuacha kitu, hata majani yanacheza na upepo. Ila kwenye kuchagua hao watatu, mashine haijali tabia. Mtu anaweza kuwa na shabaha ya ajabu na bado asiwe mtu wa kukaa naye hata kwenye daladala.

Wenzako unawajua wakifungua maiki. Nimewahi kupangiwa mtoto aliyelia kwa Kiarabu tangu tunaruka mpaka tunakufa. Nimepangiwa pia kijana aliyesikia sauti ya mwanamke akaniambia niende jikoni. Sikumjibu. Mle ndani ya gemu kuna kikaango, silaha halali kabisa, unakining'iniza nyuma na risasi ikikigonga inadunda. Nikakivaa. Baada ya muda kijana akaangushwa, akawa anatambaa akiomba nikamwinue, kazi ya sekunde kama kumi hivi. Nikamwambia nipo jikoni.

Watu wangu niliwapata kwa kelele za nyuma ya maiki. Jumapili moja alasiri nilipangiwa mtu mwenye picha ya fuvu na jina la kutisha, anayeongea kwa kunong'ona kama yuko msibani. Tumejificha kwenye nyumba moja pale Pochinki, mji wa kisiwani humo, kimya, tunasikilizia nyayo za adui, mara kwenye maiki yake inapita ile spika: tunanunua vyuma chakavu, betri mbovu, friji mbovu. Nikaacha kulenga. "Kaka, uko Dar?" Kimya kidogo, kisha ule mnong'ono: "Piga kwanza, tutaongea."

Ndivyo tulivyoanza. Fuvu alimleta kijana wa Bujumbura, na wa Bujumbura akamleta bwana mmoja wa Maskati mwenye Kiunguja cha babu zake, laini mpaka unaona aibu kutukana mbele yake. Wachezaji wa Ulaya na Marekani hukusanyika Discord. Sisi tukafungua grupu la WhatsApp, kwa sababu bando la WhatsApp ndilo linalobaki vingine vyote vikiisha.

Kilichotuunganisha si ushindi, maana ushindi wenyewe ni wa kusikia kwa jirani. Ni kwamba humu ukipotea katikati ya vita hakuna anayekutukana. Baadaye unaandika grupuni neno moja, "luku", yaani umeme uliisha, na watu wote wanakupa pole. Bujumbura akisema mama kamtuma dukani, tunamficha kwenye majani tunamlinda mpaka arudi na sukari.

Shida ilikuwa salamu. Mswahili hawezi kuanza kazi bila kujuliana hali, na bwana wa Maskati hakubali salamu ya juujuu. "Hujambo bibie, watoto hawajambo, na mzee miguu yake yaendeleaje?" Nikifika kwenye miguu ya mzee tumeshapigwa risasi wote wanne. Ikabidi tupitishe sheria: salamu zote ziishie kwenye ndege. Kisiwa cha Erangel kina kilomita nane kwa nane, na ndege inakikatiza kwa muda unaotosha kabisa kuulizana hali, kupeana pole ya msiba mmoja na kupongeza arusi.

Yeye Maskati anafaidi, maana seva tunayotumia ni ya Mashariki ya Kati, mlangoni kwake. Mwanga kwenye waya wa kioo unakimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde, lakini risasi yangu lazima ipite chini ya bahari ndipo ihesabiwe, na ikifika adui ameshahama na familia yake. Mei 2024, nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilipopata hitilafu, Tanzania tulikaa na simu kama vioo vya kujitazamia. Bwana wa Maskati aliruka na wageni siku zote hizo, akirudi grupuni kulalamika kuwa hawajui kuamkia.

Sasa usiku ule. Nimepanga chumba kwenye nyumba ya watu wengi, kuta zake unasikia jirani akigeuka kitandani. Nimevaa hedifoni, tumebaki vikosi viwili, na adui ametuzunguka. Nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote: "Wako nyuma ya nyumba! Wana bunduki! Watatuua!"

Uani milango ikafunguka. Mimi sikusikia kitu. Nilichosikia, kwenye hedifoni, ni mlango wa Fuvu ukigongwa huko kwake na sauti ya mwanamke ikiita: "Mjumbe! Mjumbe! Amka, majambazi wamevamia kwa Mama Zawadi!"

Mama Zawadi ni mimi.

Fuvu hakujibu haraka. Nilimsikia akivuta pumzi, kisha akanong'ona, "Mama Zawadi, ni wewe?" Nikasema, "Shikamoo mjumbe." Akasema, "Marahaba. Lala chini, usisogee, nakuja." Mpaka leo sijui alimaanisha kwenye gemu au chumbani.

Alifika na tochi, msuli na kofia, nyuma yake vijana wenye marungu. Akakagua uani taratibu, akamulika nyuma ya choo, akawatangazia majirani kuwa ni sinema ya Mama Zawadi, wakalale. Uso haukucheka hata kidogo. Ndani, simu ilikuwa bado inaongea: Maskati alikuwa anapigana peke yake, akimwomba radhi kila adui anayemwangusha.

Tangu hapo vita vimekuwa vigumu. Nikiokota helmeti ya daraja la tatu, ile nzuri, sithubutu kuivaa kabla ya kumuuliza mjumbe kama anayo. Siwezi kumwambia "wewe mzee unalenga nini" hata akilenga mti. Bujumbura naye, aliyekuwa akimwita "msela", sasa humwita "baba" na hukaa mbele yake kukinga risasi.

Juzi nilimfuata barazani anijulishe kwa mwenyekiti wa mtaa, nilihitaji barua ya utambulisho. Mkewe alikuwa pale akichambua mchele. Mjumbe akavaa miwani, akaandika polepole, akaniuliza jina langu kamili kana kwamba hatujawahi kuonana. Aliponikabidhi kikaratasi akainamisha sauti. "Saa tatu," akasema. "Na leo mwanangu nunua bando la maana, jana umeganda mlangoni tukashindwa kutoka."