Mlio wa Kabatini

Tangu mwanangu akabidhiwe mitambo ya kwaya, sebule yetu hapa Singida mjini iligeuka darasa la masikio. Miksa ilitwaa meza ya chakula, spika mbili zikasimama ubavuni mwa kabati la vyombo. Jioni aliweka wimbo, akapandisha kidogo sehemu moja ya ikwalaiza, akafumba macho na kutaja namba. Hezi 250, wimbo unafunikwa na uzito. Hezi 1,000, waimbaji wanatokea puani. Hezi 6,000, kila "s" inachoma. Hata jokofu alilitumia: umeme wetu una mizunguko 50 kwa sekunde, na mvumo wa jokofu mara nyingi huangukia hezi 100, maradufu yake. Mdogo wake akawa anauimba mvumo huo akiosha vyombo.

Kisa kikaanza na gitaa la besi. Kila lilipogusa noti fulani, sebule ilijibu "zzzz" kavu. Mwanangu akashusha hezi 2,000, akashusha 3,000. Zile "zzzz" zikabaki palepale, waimbaji ndio wakafifia. Akaamua spika imepasuka. Akaifungua wakati wa kula, nasi tukapakata sahani mapajani. Skrubu moja ikapotea, na aliyeiona ni baba yake, kwa jino, ndani ya mlenda.

Mama mkwe wangu alikuwa ametulia mkekani. Huyu ni mtu ambaye hanunui chungu sokoni kabla hajakigonga akasikiliza kama kina ufa.

"Mume wangu," akamwambia mjukuu wake, "rudisha hilo gitaa."

Spika ikafungwa, wimbo ukarudi. Bibi akainuka, akabandika kiganja kwenye kioo cha mlango wa kabati. Kimya. Akaondoa, "zzzz". Akabandika tena.

Mwanangu akazima wimbo, akapiga mlio mmoja mtupu na kuupandisha polepole kutoka chini. Ulipokaribia hezi 120 kioo kikaanza kutetema. Ndipo alipoelewa: mlio mkali aliokuwa akiuwinda juu ulizaliwa na sauti nzito ya chini iliyotikisa kioo kilicholegea. Ikwalaiza ingeua nyimbo zote kabla ya kuufikia.

Bibi akakunja kipande cha kanga kuukuu, akakishindilia kwenye fremu.

Jumapili mwanangu alitangulia kanisani, na kabla ya kuwasha miksa akazunguka akigonga vioo vya madirisha, kimoja baada ya kingine.