Dude la Watoto Sebuleni
Kuna mabwana huko Marekani na Ulaya, wenye spika za bei ya gari, waliohangaika miaka kutafuta sauti safi. Wakaikuta kwenye mashine ya gemu. PlayStation ya kwanza, hasa toleo la SCPH-1001 la 1995, ina matundu ya sauti mgongoni, jekundu na jeupe. Sony ilipoyaondoa kwenye matoleo ya baadaye, hiyo kuukuu ikageuka lulu.

Mtazame sasa mtu mzima, mvi tele, kakaa kitako kumsikiliza mpiga tarumbeta Miles Davis kwenye sidii. Mashine haikuja na rimoti. Kashika padi ya kuchezea mpira, vidole vinahangaika kati ya msalaba na duara ili aruke wimbo mmoja. Atakwambia sauti ya mashine hiyo ina joto. Joto lipo kweli, bwana: linatoka kwenye pawa saplai iliyopakana na lenzi. Reli ya plastiki inalika, sidii inakwamakwama, na dawa yake ni ileile ya watoto wa wakati ule: pindua mashine juu chini.

Mkewe akiuliza mbona dude limelala miguu juu, anaambiwa anyamaze, tarumbeta inaingia.