Shemeji na Zile Tatu za Kansas City

Kaka ya mke wangu alifundisha hesabu mpaka akastaafu, kisha akaja kukaa nasi hapa Mweiga "kwa muda". Kutwa anasaidia kukama ng'ombe na kubashiri mpira wa Kimarekani. Kukama anasaidia akikumbuka.

Vijana wa stejini huweka mikeka yao ya Arsenal na Man U, na wote wanamtaja Samuel Abisai, aliyenyakua shilingi milioni 221 mwaka 2017 kwa kubashiri mechi 17, utadhani aliwaachia urithi. Shemeji anawadharau. Soka ni bahati nasibu, anasema. Kipa akiteleza tu, mkeka umechanika. Mpira wa Kimarekani ni hesabu tupu.

Hesabu hiyo alinifundisha bila mimi kuomba. Timu kali hukatwa alama kabla mechi haijaanza. Ikikatwa tatu na nusu halafu ishinde kwa tatu, uwanjani wanashangilia na wewe umeliwa. Teke kati ya milingoti ni alama 3. Kuuvusha mpira na kuongeza teke ni 7. Ndiyo sababu mechi nyingi huachana kwa 3 au kwa 7, na ndiyo sababu ile nusu inauma. Hakuna mchezaji duniani aliyewahi kufunga nusu. Imewekwa pale imlize mtu. Ubunifu wenyewe husemekana ni wa Charles McNeil wa Chicago, miaka ya 1940, naye pia aliwahi kufundisha hesabu. Shemeji aliposikia hivyo, kamari ikageuka mashindano ya walimu.

Silaha yake ni daftari la mienendo: timu fulani ikicheza ugenini, ikitoka mapumzikoni, ikiwa kwenye theluji. Nimelichungulia. Mwenendo ukikataa kumpa jibu analolitaka, anauongezea sharti. "Ugenini" inakuwa "ugenini usiku", halafu "ugenini usiku mwezi wa Novemba", halafu "dhidi ya timu yenye jina la ndege". Mwishowe zinabaki mechi mbili, na zote mbili zinakubaliana naye.

Ndivyo tulivyofika Februari 2025. Chiefs wa Kansas City walikuwa wanakutana na Eagles wa Philadelphia kwenye Super Bowl, kule New Orleans. Chiefs walikuwa wametwaa fainali mbili zilizotangulia: 38–35 mwaka 2023 na 25–22 mwaka 2024. Safari hii walikatwa alama moja na nusu tu.

"Shemeji," akaniambia, huku amenishika mkono, "tatu, halafu tatu. Hawa wa mikeka wanadai moja na nusu. Hii si kamari, hii ni kuokota."

"Mara mbili ndiyo mwenendo?" dada yake akauliza kutoka jikoni.

Hakujibiwa. Akaja na kalamu, akageuza kadi ya maziwa, akaandika nyuma yake. Weka shilingi 1,000. Wakati huo ushuru wa dau ulikuwa asilimia 15, kwa hiyo kinachocheza ni 850. Ukishinda kwa odi ya 1.91, faida ni 773 na senti, na hapo pia serikali ilikuwa inakata asilimia 20. Unarudi nyumbani na kama 1,469. Ili usile hasara, inabidi ushinde takriban mara 68 katika kila mia. Mmarekani, ambaye hutoa 110 ili apate 100, anatosheka na mara 53. Akasema ni kama lile gunia la viazi la mabroka, lenye kilemba cha wavu juu: sheria inasema kilo 50, wewe unajaza mpaka kilemba, na unalipwa gunia moja.

Shemeji akasema ushuru si somo lake.

Mechi ilianza saa nane na nusu usiku, Jumatatu, na baridi ya Aberdare ilikuwa imeingia hadi kwenye rimoti. Nilikuwa macho kwa kuwa televisheni ni yangu. Kufikia mapumziko, Eagles 24, Chiefs sufuri. Katika hizo, kijana wa Eagles anayeitwa Cooper DeJean aliudaka mpira wa Patrick Mahomes na kukimbia nao hadi mwisho. "Watarudi kwenye wastani wao," Shemeji akasema. Akaja Kendrick Lamar na muziki wake, nami nikaona angalau sikuamka bure.

Ilipogonga saa kumi na moja dada yake akamwamuru aende zizini, kwa maana pikapu ya maziwa haijui habari za Philadelphia. Akaenda na simu. Niliyaona yote, kwani mimi ndiye niliyeshika tochi: paji la uso limeegemea ubavu wa ng'ombe, mikono miwili kazini, simu imesimamishwa kwenye kigingi pembeni ya ndoo. Chiefs wakafunga kwa mara ya kwanza. Ilikuwa 34–6. Mtu mwingine angenyamaza. Shemeji aliruka juu na kupiga kelele, "Umeanza! Mwenendo umeanza!"

Ng'ombe hakuwa amefuatilia mechi. Aliurusha mguu wa nyuma mara moja, ndoo ikaenda upande wake, simu ikaangukia maziwa yaliyosalia. Pikapu ilipopiga honi tulikuwa na kimkebe ambacho hata dereva alikionea aibu. Shemeji aliomba mchele wa kufukia simu ikauke. Akapewa pumba za ng'ombe.

Iliisha 40–22. Siku mbili alikuwa kimya, kisha, simu ilipofufuka, akasoma kwamba DeJean alikuwa anatimiza miaka 22 siku hiyohiyo ya fainali. Tangu hapo daftari lina safu mpya ya tarehe za kuzaliwa za wachezaji. Kando yake dada yake amechora safu nyingine, kwa wino mwekundu, ya lita anazodaiwa. Hiyo, anasema Shemeji, bado haijaonyesha mwenendo wowote.